Rubani wa Chini ya Ziwa

Kwenye kituo chetu cha utafiti wa ziwa tulimwita Rubani, na wageni waliokuja kumwulizia walitazama juu kwanza, kana kwamba kuna ndege imeegeshwa nyuma ya ofisi. Hakuwahi kurusha ndege. Alichoendesha yeye kilikwenda chini.

Kilikuwa chombo cha rangi ya chungwa, ukubwa wa begi la safari, kina taa mbili mbele, kamera katikati, na mapangaboi sita madogo ya kukisukuma majini. Hakuna mtu aliyeingia ndani yake. Kilishuka peke yake mpaka kwenye sakafu ya Ziwa Victoria, kimefungwa waya mrefu wa njano, na kupitia waya huo kilituma juu picha za yale kiliyoyaona pamoja na vipimo vya kina, joto na oksijeni. Rubani alikaa kwenye boti, kioo cha kuonyeshea picha mapajani, akikiongoza kwa vidole gumba. Mimi nilishika waya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka tisa: kulegeza aliposema legeza, kukaza aliposema kaza, na kuangalia waya usikatwe na injini wala usinase kwenye nyavu za watu.

Juani kioo hakisomeki. Kwa hiyo alijifunika kitenge, yeye na kioo chake pamoja, kikabaki kilima cha kitenge katikati ya boti na miguu miwili ikichomoza chini. Nilijifunza kuisoma ile miguu. Akiona kitu cha kumfurahisha, labda samaki mdogo, furu mmoja wa rangi ambaye watu walidhani ameisha ziwani, vidole vilicheza ndani ya kandambili. Mambo yakiwa mabaya, miguu ilitulia kabisa, kama ya mtu aliyekaa mbele ya daktari anasubiri majibu. Miaka ya mwisho ilitulia mara nyingi.

"Deusi," alikuwa akisema kutoka chini ya kitenge, "waya unasemaje?"

"Nadhani umegusa jiwe, Rubani."

"Usiniambie unachodhani. Waya unasemaje?"

"Unatetemeka kidogo, halafu unalegea."

"Sawa. Hilo ndilo nimekuuliza."

Aliyaogopa maji. Hili hakulificha, wala hakupenda kulizungumzia. Alivaa jaketi la kuokolea juu ya gauni lake tangu kwenye geti la kituo, akapita nalo mbele ya wauza vocha na mama ntilie bila kujali wanavyocheka, na kwenye boti alikaa siku zote akiupa mgongo upande wenye maji mengi. Kuogelea hakujua. Boti ilipofika ufukweni alisubiri isukumwe mpaka pua yake ilale kwenye mchanga mkavu ndipo ashuke. Mtu aliyeijua sakafu ya ghuba yetu kuliko wavuvi waliozaliwa juu yake, anayeweza kukuambia jiwe gani liko wapi na lina ufa upande gani, hakuwahi kulowesha kifundo cha mguu. Niliwahi kumwuliza kwa nini alichagua kazi hii basi, badala ya kuendelea kufundisha fizikia chuoni kule Butimba. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Kwa sababu naogopa," alisema. "Wasioogopa wanaangalia mara moja wanaondoka."

Kwenye namba alikuwa mtu mgumu kupita kiasi. Kipimo kikisoma mita ishirini na nne na nusu, basi ni hiyo hiyo, na ole wako uandike ishirini na tano. Mkuu wa kituo, mwanamume mpole aliyependa ripoti zipendeze, aliwahi kuzungusha vipimo vya mwezi mzima. Rubani aliirudisha ripoti mezani kwake mbele yetu sote.

"Nusu mita ni kitu gani jamani?" Mkuu akauliza.

"Ni urefu wa mtoto mchanga, Mkuu. Akizama kwenye hiyo nusu mita, mama yake utamwambia ulizungusha?"

Na bado ni huyu huyu niliyemsikia akisema uongo, mara moja tu.

Mtumbwi wa wafanyabiashara ulikuwa umepinduka karibu na kisiwa kimoja, watu watatu wakaokolewa na mmoja akakosekana. Polisi waliomba chombo chetu kisaidie kutafuta. Tulitafuta siku mbili. Asubuhi ya pili, kama saa nne hivi, miguu yake ikatulia. Hakusema legeza wala kaza. Kisha akatoa mkono nje ya kitenge na kuniashiria nisogee. Nikaingiza kichwa. Kwenye mwanga wa taa zile mbili alikuwepo yule mtu, amenasa kwenye wavu uliotelekezwa, mikono yote miwili juu, vidole vimeshika nyuzi. Alikuwa amepigana. Kila kitu pale kilionyesha alivyopigana.

Rubani alizima kurekodi. Wazamiaji wakaenda kumtoa. Ufukweni mama wa marehemu alikuwa amekaa chini na wanawake wawili wamemshikilia, akamwita Rubani, akamwuliza alimkuta vipi mwanawe.

Rubani alichuchumaa mbele yake na jaketi lake la kuokolea. "Alikuwa amelala, mama," alisema. "Kama mtu aliyechoka. Hakuna kilichomsumbua."

Sisi wengine hatukuweza kula samaki kwa wiki nzima. Yeye mchana ule ule aliagiza sato mzima wa kukaanga na ugali, akala mpaka kichwa, akanyonya mifupa, huku machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Sijawahi kuelewa vizuri nilichokiona mezani pale. Naandika tu kwamba nilikiona.

Lakini si kwa ajili ya hayo nimeshika kalamu. Ni kwa ajili ya mstari.

Mstari lilikuwa neno lake. Ziwa letu, alivyonieleza siku zangu za kwanza, si maji ya aina moja kutoka juu hadi chini. Juu kuna maji yenye hewa, samaki wanapumua. Chini kuna maji yasiyo na hewa, mazito, ya baridi, na kati yake kuna mpaka. Wavuvi wa Ilemela wanaita yale ya chini maji mabovu. Kwenye kioo mpaka huo ulionekana kwa macho: unashuka na furu wanakatiza mbele ya taa, unashuka, dagaa wanameta, unashuka, halafu ghafla hakuna kitu. Hata konokono hakuna. Mawe yamefunikwa na utando mweupe kama ukungu wa mkate uliochacha. Na juu kidogo ya hapo samaki wamejipanga, wamebanana, kama watu waliopanda juu ya paa mafuriko yakiwa ndani ya nyumba.

Miaka yangu ya kwanza mstari ulikuwa mbali, nje ya ghuba, kwenye kina kirefu. Kila mwaka ulipanda. Rubani aliuandika kwenye daftari kubwa la mistari kwa kalamu ya risasi, na kila mwezi aliponionyesha aligusa tu namba ya mwezi huu kisha ya mwezi kama huo mwaka uliopita.

Ufukweni karibu na kituo, kikundi cha akina mama kilikuwa kimeweka vizimba vya kufugia sato, maboksi makubwa ya nyavu yanayoelea kwa mapipa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa mjini aliyewahi kuuza vitambaa miaka mingi kabla hajageukia samaki. Alikuwa na sauti ya kuita mtu kutoka upande wa pili wa ghuba, na alimpenda Rubani, akamwita mwalimu. Vizimba vilikuwa vyake na wenzake. Jirani yake kulikuwa na vya watu wengine, safu hata tatu.

Mwaka mmoja, mwezi wa tano, mstari uliingia ghubani ukasimama mita chache chini ya vizimba. Ulikuwa umebaki upepo wa kusini tu. Upepo ule ukivuma kwa nguvu siku mbili tatu, unasukuma maji ya juu upande mmoja, na ya chini yanapanda kujaza nafasi. Rubani alikwenda kwa Mkuu. Mkuu akasoma, akakuna kichwa.

"Andika ripoti. Taarifa haitoki kwa wananchi mpaka ipitiwe na wakubwa. Unajua utaratibu."

"Utaratibu unachukua muda gani?"

"Unachukua muda wake."

Alitoka pale moja kwa moja hadi kwa Mama Zuhura, jaketi mwilini. Nilikuwa nyuma yake. "Vueni," alimwambia. "Wiki hii. Msisubiri wakue."

Wakavua. Samaki hawakuwa wamefika hata robo tatu ya ukubwa wao, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Majirani hawakuvua. Na upepo mwaka ule haukuja. Ulivuma kidogo, ukabadilika, ukafa. Mwezi wa nane majirani walivua sato wanene wa kushika kwa mikono miwili, wakawapita akina Mama Zuhura wakiimba.

Rubani alipewa barua ya onyo. Aliisoma wima, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari. Mjini alianza kutaniwa. Mtu akimwona na jaketi lake aliita, "Rubani, leo hali ya hewa vipi?" na watu wakacheka. Mama Zuhura hakucheka. Alisema tu, "Mwalimu, ulitutakia mema." Lakini alisema kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Mwaka uliofuata mstari ulirudi ghubani, na safari hii ulikuwa juu zaidi. Nilimsubiri Rubani asimame aende kwa Mkuu. Hakusimama. Aliandika ripoti, akaipeleka, akarudi kukaa.

"Hatuendi kwa Mama Zuhura?" nikauliza.

"Mwaka jana nilisema."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu niulizwe."

Na aliulizwa. Hapa ndipo pananiuma, kwa sababu nilikuwepo. Mama Zuhura alikuja kituoni mchana, amevaa vizuri, na chupa ya chai na vitumbua kwenye kapu. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za miguu inayovimba, za mvua. Tukanywa chai. Kisha, akiwa anafunga kapu lake, bila kumtazama mtu, akasema, "Na huko chini, mwalimu? Kupo salama?"

Miguu ya Rubani ilitulia.

"Ripoti ipo kwa Mkuu," akajibu.

Mama Zuhura alimaliza kufunga kapu. "Haya," akasema. "Basi Mkuu akiona kuna neno ataniita."

Nilimsindikiza mpaka getini. Ni hatua kama mia moja. Nilikuwa na zote mia moja za kusema, na nilichosema ni kwamba vitumbua vilikuwa vitamu. Nilijiambia si kazi yangu, mimi nashika waya. Aliniaga, akaenda zake, na sikumwita.

Siku tatu baadaye upepo wa kusini ulianza. Ulivuma siku mbili bila kupumzika, na asubuhi ya tatu harufu ndiyo iliyotutoa nyumbani, harufu kama ya mayai yaliyooza. Maji ya ufukweni yalikuwa yamegeuka rangi, ya kijivu na kijani, kama yaliyooshewa sufuria. Vizimba vyote, vya akina Mama Zuhura na vya majirani, vilikuwa vyeupe kwa matumbo ya samaki. Wachache waliokuwa hai walikuja juu kabisa, wakitoa midomo nje, wakivuta hewa yetu. Akina mama walikuwa majini hadi kiunoni wakichota maiti za sato kwa ndoo na kumwaga mchangani. Hakuna aliyelia kwa sauti. Ulisikika upepo na ndoo tu.

Rubani alifika akasimama kwenye mchanga mkavu. Kisha akavua kandambili na kuingia. Nilimwona maji yakimfika magotini, mapajani, sketi ikielea kumzunguka, uso wake umekuwa wa mtu mwingine kwa hofu, na akaendelea mpaka kwenye kizimba cha kwanza, akaanza kuchota kwa mikono.

Mama Zuhura aliacha ndoo yake.

"Ulijua?"

Wanawake wote wakageuka. Angeweza kutaja ripoti. Angeweza kumtaja Mkuu, ambaye kwa kweli alikuwa nayo mezani.

"Nilijua," alisema.

Mama Zuhura akainama akaendelea kuchota, na Rubani naye akachota, wako hatua mbili tu mmoja na mwenzake, mpaka jua lilipokuwa kali. Hawakusemeshana tena siku ile, wala mwaka ule.

Miezi michache baadaye aliacha kazi. Alihamia Kisesa, njia ya kwenda Bujora, mahali ambapo ziwa huoni hata ukipanda juu ya jiwe. Chombo nikaachiwa mimi, na waya akapewa mtu mwingine. Nilimtembelea mara chache. Alilima mchicha na viazi, aliimba kwaya ya Kilutheri Jumapili, aliwafundisha hesabu wajukuu wa majirani. Kuhusu ziwa hakuuliza, nami sikumpa habari zake. Tulizungumza bei ya mbolea.

Mwaka huu nilikwenda tena kumwona, na safari hii nilikuwa na daftari kwenye begi. Ilikuwa mwezi wa pili. Nilimkuta anachambua mchicha kivulini mwa nyumba. Amezeeka.

"Shikamoo, Rubani."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Nikamfungulia daftari. Alipangusa mikono kwenye kanga, akalichukua, akalisogeza mbali na macho. Aligusa namba ya mwezi ule, kisha akarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Mstari ulikuwa umeshaingia ghubani. Miezi mitatu kabla ya wakati wake.

"Umepima mara ngapi?"

"Mara tatu. Siku tatu tofauti."

"Wamekuuliza?"

"Hapana."

Alifunga daftari. Nilidhani atanipa maneno, lakini alinyanyuka, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebadilisha gauni na ameshika pochi. Mchicha ukabaki pale pale kwenye ungo.

Mama Zuhura tulimkuta ufukweni anashona wavu. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani, hakuna hata jani lililotikisika. Rubani alisimama mbele yake.

"Shikamoo, dada."

Shikamoo ile haikujibiwa. Mama Zuhura alishona tundu moja, akashona la pili, akakata uzi kwa meno. Nilitamani ardhi inimeze.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Sema."

Rubani akasema. Alitaja kina, akataja nusu yake. Alipomaliza, Mama Zuhura aliangalia maji.

"Upepo utakuja lini?"

"Sijui."

"Na usipokuja?"

"Basi nitakuwa nimekupa hasara mara mbili kwa kusema na mara moja kwa kunyamaza. Utanihesabia mwenyewe."

Mama Zuhura alisimama, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti yake ile wenzake waje kuvua. Majirani walikuja kusikiliza. Wawili wakaamua kuvua. Wengine walisimama wamekunja mikono, na mmoja akasema, "Huyu si ndiye yule wa hali ya hewa?" Nikaenda kwao mmoja mmoja na daftari. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia watafikiria.

Upepo ulikuja siku ya tisa, mwezi ambao upepo ule hauji. Sitaeleza tena harufu. Samaki wa vizimba vya waliofikiria walikufa wote. Na safari hii haikuishia vizimbani: kwenye mchanga wote, kutoka kituoni hadi kwenye mawe ya mbali, walilala sangara wa ziwani, wakubwa, ambao hakuna mtu aliyewafuga, na gogogo, na furu wadogo wengi kama majani yaliyopukutika. Hata wazee wa pale hawakuwahi kuona hivyo. Watu walitembea kati yao wakiangalia pa kukanyaga.

Siku ya pili yake Rubani alikuja tena kutoka Kisesa kutusaidia kutoa nyavu tupu majini. Tulikuwa watu saba kwenye kamba, yeye na Mama Zuhura wamekaribiana.

"Mwakani, mwalimu?" Mama Zuhura aliuliza.

"Mwakani msivirudishe hapa."

"Tuviweke wapi?"

Rubani aliangalia upande wa kusini, akaangalia kisiwani, akaangalia kule ghuba inakofunguka kwenye ziwa lenyewe. Aliangalia kote huko kwa zamu, polepole, na sisi tukasubiri, kamba mikononi. Aliinama akashika ukingo wa wavu, akaniambia nikaze, na tukavuta.